Santiago Ramón y Cajal

Santiago Ramón y Cajal (Petilla de Aragón, 1 Mei 1852 – Madrid, 17 Oktoba 1934) alikuwa daktari, mtaalamu wa histolojia (elimu ya tishu) na mpiga picha kutoka nchini Hispania. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba ubongo na mfumo wote wa neva umejengwa kwa seli zinazojitegemea, ambazo leo huitwa neuroni. Mwaka 1906 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Mwitalia Camillo Golgi, ingawa wawili hao hawakukubaliana kuhusu jambo lenyewe walilotuzwa.

Cajal anakumbukwa pia kwa michoro yake ya seli za neva, ambayo bado inachapishwa katika vitabu vya kiada. Hadubini haiwezi kuonyesha seli nzima ya neva kwa mtazamo mmoja. Cajal alisogeza lenzi juu na chini, akatazama tabaka moja baada ya jingine, kisha akayaunganisha yote katika mchoro mmoja. Siku hizi wapiga picha wa vitu vidogo hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa kamera na kompyuta.

Utoto na ujana

Cajal alizaliwa katika kijiji cha Petilla de Aragón, ambacho ni sehemu ya mkoa wa Navarra ingawa kimezungukwa pande zote na ardhi ya Aragón. Baba yake, Justo Ramón, alianza kama kinyozi-mganga wa vijijini, akajisomesha kwa taabu mpaka akawa daktari. Mama yake aliitwa Antonia Cajal. Kwa sababu ya kazi ya baba, familia ilihama mara kadhaa kutoka kijiji hadi kijiji.

Tangu utotoni Santiago alipenda kuchora. Alichora kwenye karatasi, kwenye kuta na kwenye vitabu vya shule. Baba yake aliona kwamba sanaa ni njia ya kuelekea umaskini. Siku moja alipeleka mchoro wa mtoto kwa fundi wa kupamba kuta aliyekuwa akifanya kazi kanisani, ili atoe maoni. Fundi alijibu kwamba mtoto hana kipaji chochote. Tangu hapo kuchora kulipigwa marufuku nyumbani, na Santiago akawa anachora kwa siri.

Shuleni alikuwa mtundu na mara nyingi aliadhibiwa. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga wa mbao, akaulipua na kuvunja lango la jirani. Kwa kosa hilo alifungwa jela siku kadhaa. Baba yake alimtoa shuleni kwa muda, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi na baadaye kwa fundi viatu.

Mwaka 1868 baba alijaribu njia nyingine. Alimchukua kijana wake kwenye makaburi ya zamani kutafuta mifupa ya binadamu, wakaisoma pamoja kama somo la anatomia. Kijana aliichora mifupa ile kwa umakini mkubwa. Ndivyo kuchora, jambo lililokuwa limewagombanisha, lilivyomwingiza katika udaktari. Baadaye, huko Zaragoza, alimchorea baba yake picha nyingi za viungo vya mwili kwa ajili ya kitabu cha anatomia ambacho hakikuwahi kuchapishwa.

Masomo na utumishi jeshini

Cajal alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Zaragoza na kuhitimu mwaka 1873. Aliandikishwa jeshini kama daktari, na mwaka 1874 akapelekwa Kuba, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Hispania lililokuwa katika vita vya kudai uhuru. Huko aliugua malaria na kuhara damu, akarudishwa nyumbani mwaka 1875 akiwa amedhoofika sana.

Mwaka 1877 alipata shahada ya udaktari mjini Madrid. Alipokuwa huko alionyeshwa tishu chini ya hadubini kwa mara ya kwanza kwa namna iliyomvutia. Aliporudi Zaragoza alitumia akiba ya mshahara wake wa jeshi kununua hadubini na vifaa vyake, akaanza kujifunza histolojia peke yake. Mwaka 1878 alianza kukohoa damu kwa sababu ya kifua kikuu, lakini alipona.

Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás García. Walipata watoto saba.

Mwaka 1883 aliteuliwa kuwa profesa wa anatomia huko Valencia. Mwaka 1885 kipindupindu kilienea sehemu hiyo ya Hispania, na Cajal alifanya utafiti kuhusu ugonjwa huo. Serikali ya mkoa wa Zaragoza ilimshukuru kwa kumzawadia hadubini bora iliyotengenezwa na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Kwa mtafiti ambaye mpaka hapo alijinunulia vifaa kutokana na mshahara mdogo, zawadi hiyo ilikuwa na maana kubwa: sasa alikuwa na lenzi sawa na zile za maabara kubwa za Ulaya. Mwaka 1887 alihamia Barcelona kuwa profesa wa histolojia.

Swali la wakati ule: wavu au seli?

Katikati ya karne ya 19 wanasayansi walikuwa wamekubali kwamba mimea na wanyama wamejengwa kwa seli. Ubongo ulibaki kitendawili. Nyuzi zake ni nyembamba na zimesongamana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuona zinaishia wapi. Wengi waliamini kwamba nyuzi hizo zimeungana na kuwa wavu mmoja usiokatika. Nadharia hiyo ilipata jina la nadharia ya wavu.

Mwaka 1873 Camillo Golgi aligundua njia mpya ya kutia rangi tishu za neva. Kipande cha ubongo kiliwekwa kwanza katika dikromati ya potasiamu, kisha katika nitrati ya fedha. Matokeo yalikuwa ya ajabu: seli chache tu zilikuwa nyeusi kabisa, pamoja na matawi yake yote, huku zilizobaki zikikosa rangi. Seli iliyotiwa rangi ilionekana kama mti mweusi usio na majani mbele ya anga la njano.

Uchache huo ndio uliokuwa faida. Kama seli zote zingepata rangi, kipande kingekuwa giza tupu. Hata hivyo njia hiyo haikuaminika, kwa kuwa mara nyingine ilifanikiwa na mara nyingine haikufanikiwa bila sababu kujulikana. Watafiti wengi waliiacha. Golgi mwenyewe aliitumia na kuona ndani yake uthibitisho wa wavu.

Barcelona, 1888

Mwaka 1887 Cajal aliona vipande vilivyotiwa rangi kwa njia ya Golgi nyumbani kwa daktari Luis Simarro mjini Madrid. Baada ya hapo alianza kuirekebisha. Mabadiliko mawili yalikuwa muhimu zaidi.

Kwanza, alirudia hatua za kutia rangi mara mbili ili rangi ishike vizuri zaidi. Pili, badala ya ubongo wa mtu mzima au mnyama mzima, alitumia viinitete na wanyama wachanga, hasa ndege. Katika umri huo nyuzi ni fupi, hivyo zinaweza kufuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Tena nyuzi nyingi hazijafunikwa na ala ya mafuta iitwayo mielini, ambayo huzuia rangi isiingie.

Mwezi Mei 1888 alianzisha jarida lake mwenyewe la histolojia kwa gharama zake, akachapa nakala 60 tu na kuzituma kwa wataalamu wa nchi za nje. Katika toleo la kwanza alieleza ubongo mdogo (serebelamu) wa ndege. Alionyesha kwamba nyuzi za seli fulani huizunguka seli kubwa ya Purkinje kama kikapu, lakini hazijaungana nayo. Zinaishia hapo, zikiwa karibu sana. Kama nyuzi zina mwisho, basi hakuna wavu mmoja. Kuna seli moja moja zinazopashana habari kwa kukaribiana.

Kuchora tabaka kwa tabaka

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo ni lazima kujua tabia ya lenzi. Mtu akiweka kidole karibu na jicho na kukitazama, ukuta ulio nyuma yake huonekana kama ukungu. Akiutazama ukuta, kidole ndicho kinachokuwa ukungu. Lenzi ya kamera iko hivyo hivyo: huonyesha vizuri vitu vilivyo katika umbali fulani tu, na eneo hilo huitwa kina cha fokasi. Kadiri kitu kinavyokuzwa, ndivyo kina hicho kinavyopungua. Katika hadubini yenye nguvu hubaki takribani sehemu moja ya elfu ya milimita, au pungufu.

Vipande vya ubongo vilivyotumiwa na Cajal vilikuwa na unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani mara mia moja zaidi ya kina hicho. Hakuweza kuvikata viwe vyembamba zaidi, kwa sababu kisu kingeyakata pia matawi ya seli, na swali lote lilikuwa matawi hayo yanaishia wapi. Hivyo alihitaji kipande kinene ili seli ibaki nzima, huku lenzi ikimwonyesha tabaka jembamba tu kwa wakati mmoja.

Suluhisho lake lilikuwa mkono na jicho. Kwa mkono mmoja alizungusha skrubu ndogo ya hadubini ili fokasi ishuke au ipande. Tawi lililotoweka katika tabaka moja lilionekana tena katika tabaka la chini yake, na yeye alilifuata hatua kwa hatua. Mara nyingine alitumia kamera lusida, kifaa chenye kioo au prizma kinachomwezesha mchoraji kuona taswira ya hadubini juu ya karatasi yake. Mara nyingi zaidi alichora kwa mkono bila kifaa, pengine kutoka kwenye kumbukumbu baada ya kutazama kwa saa nyingi, kisha akarudi kwenye hadubini kulinganisha na kusahihisha.

Mchoro uliokamilika ulionyesha seli nzima kana kwamba kila sehemu yake iko kwenye fokasi. Mara nyingine uliunganisha pia seli zilizotoka katika vipande tofauti, ili msomaji aone mpangilio wa eneo zima la ubongo. Kwa hiyo michoro hiyo haikuwa nakala ya kitu kilichoonekana mara moja. Ilikuwa hitimisho lililotokana na mitazamo mingi.

Je, michoro iliaminika?

Swali hilo liliulizwa tangu mwanzo, na lilikuwa swali halali. Anayeunganisha mitazamo mingi anachagua nini kiingie na nini kiachwe. Golgi naye alikuwa mchoraji hodari, alitumia rangi ile ile, na alichora wavu.

Mfano mzuri ni vijiba vidogo ambavyo Cajal aliviona mwaka 1888 kwenye matawi ya seli za Purkinje. Wataalamu kadhaa walidai kwamba ni chembe za fedha zilizoganda juu ya tawi, yaani uchafu wa rangi tu. Cajal hakutetea mchoro wake kwa maneno peke yake. Alitumia rangi nyingine isiyo na fedha, methilini buluu, na mwaka 1896 akaonyesha kwamba vijiba vilikuwepo vile vile. Leo vinajulikana kuwa mahali muhimu ambapo neuroni hupokea habari, na vinachunguzwa sana katika utafiti kuhusu kumbukumbu.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa uvimbe mdogo alioueleza mwaka 1890 kwenye ncha ya uzi wa neva unaokua. Aliuona katika kiinitete cha kuku kilichokufa na kutiwa rangi, akahitimisha kwamba ncha hiyo hujitafutia njia kati ya seli nyingine. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison alikuza tishu ya neva ya chura nje ya mwili na kuona nyuzi zikirefuka zikiwa hai, jambo lililounga mkono hitimisho la Cajal.

Kutambuliwa na wanasayansi

Cajal aliandika kwa Kihispania, lugha ambayo wanasayansi wachache wa Ulaya waliisoma, na makala zake za kwanza hazikupata mwitikio mkubwa. Mwaka 1889 alisafiri kwa gharama zake hadi Berlin, kwenye mkutano wa Chama cha Anatomia cha Ujerumani, akiwa amebeba vipande vyake. Aliweka hadubini mezani na kuwakaribisha wenzake wajionee wenyewe. Mmoja wa waliotazama alikuwa Albert von Kölliker, mtaalamu wa histolojia aliyeheshimiwa kuliko wote wakati ule. Kölliker alisadiki na akaanza kueneza kazi ya Mhispania huyo.

Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm von Waldeyer alikusanya matokeo ya Cajal na ya watafiti wengine, wakiwemo Wilhelm His na Auguste Forel waliokuwa wametilia shaka nadharia ya wavu kabla yake, akatumia neno neuroni kwa mara ya kwanza. Cajal kwa upande wake alieleza kwamba habari ndani ya neuroni huenda upande mmoja: huingia kupitia matawi mafupi na mwili wa seli, na hutoka kupitia uzi mrefu uitwao aksoni.

Mwaka 1892 alihamia Chuo Kikuu cha Madrid. Mwaka 1894 alialikwa London na Royal Society kutoa mhadhara. Kati ya mwaka 1899 na 1904 alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu mfumo wa neva wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo.

Tuzo ya Nobel

Mwaka 1906 Cajal na Golgi walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba mjini Stockholm. Golgi alitumia mhadhara wake kuipinga nadharia ya neuroni. Siku iliyofuata Cajal alitoa mhadhara wake na kueleza ushahidi wa nadharia hiyo hiyo. Hata hivyo aliendelea kukiri kwamba bila rangi iliyogunduliwa na Golgi asingeweza kuona chochote.

Mpiga picha

Cajal alivutiwa na picha tangu ujana wake. Alipokuwa Zaragoza alitengeneza mwenyewe bamba za kioo zenye jelatini na bromidi ya fedha, ambazo zilikuwa nyepesi kushika mwanga kuliko zile zilizotangulia. Wapiga picha wa mji walizitaka, naye akawauzia kwa muda akisaidiwa na mkewe. Alipiga picha za familia yake, za safari zake na zake mwenyewe akiwa maabarani. Mwaka 1912 alichapisha kitabu kuhusu picha za rangi, kikieleza nadharia na utaratibu wa kuzitengeneza.

Inaweza kushangaza kwamba mtu huyo huyo alipendelea kalamu katika kazi yake ya sayansi. Sababu ni ile ya kina cha fokasi. Picha moja ya kipande kinene ilionyesha vizuri tabaka moja, na matawi ya matabaka mengine yakawa vivuli vyeusi vilivyofifia. Mwaka 1918 alichapisha makala kuhusu picha za hadubini za tishu ya neva, akieleza njia ya stereoskopia (inayotoa picha mbili ili macho yaone kina) na njia ya kutumia matabaka mawili ya fokasi badala ya moja.

Miaka ya mwisho

Cajal aliongoza maabara ya utafiti wa biolojia huko Madrid, na kuanzia mwaka 1907 alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya serikali iliyowapeleka vijana wa Hispania kusoma nje ya nchi. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Pío del Río Hortega, Fernando de Castro na Rafael Lorente de Nó. Aliandika pia tawasifu na kitabu cha mashauri kwa watafiti vijana. Alistaafu ualimu mwaka 1922 lakini hakuacha kufanya kazi. Mke wake alifariki mwaka 1930, naye akafariki mjini Madrid tarehe 17 Oktoba 1934 akiwa na umri wa miaka 82.

Urithi

Nafasi iliyopo kati ya neuroni mbili haikuweza kuonekana kwa hadubini ya mwanga, kwa kuwa kwa kawaida ina upana wa takribani nanomita 20 tu. Cajal hakuwahi kuiona. Ilionekana katika miaka ya 1950 kwa hadubini ya elektroni, zaidi ya miaka 60 baada ya makala zake za Barcelona, na ikathibitisha kwamba neuroni ni seli zilizotengana. Baadaye iligunduliwa pia kwamba baadhi ya neuroni huunganishwa na vijia vidogo sana vinavyopitisha umeme, kwa hiyo hali halisi ina mambo zaidi ya yale yaliyobishaniwa mwaka 1906.

Njia ya kuunganisha matabaka ya fokasi imeenea siku hizi. Mpiga picha wa mdudu, ua au sarafu hupiga picha nyingi akisogeza fokasi kidogo kila mara, na programu ya kompyuta huchagua sehemu zinazoonekana vizuri katika kila picha na kuziweka pamoja. Njia hiyo ina mipaka yake. Kitu kikisogea kati ya picha mbili, mguu mmoja wa mdudu unaweza kuonekana kama miwili. Mahali ambapo kitu kimoja kimepita mbele ya kingine, programu inaweza kuacha utando wa ukungu kwenye ukingo. Picha iliyounganishwa inahitaji kukaguliwa kwa kuilinganisha na picha zilizoitengeneza, jinsi Cajal alivyorudi kwenye hadubini.

Mwaka 2017 UNESCO iliingiza kumbukumbu za Cajal na za watafiti wa Hispania waliomfuata, ikiwemo michoro na vipande vya hadubini, katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.